Matawi Kabla ya Kona

Kwetu Butembo shoferi huacha usukani macho yakiharibika, mgongo ukikataa, au mwenye gari akiuza gari. Mimi macho yangu ni mazima, mgongo unauma kama wa kila mtu, na gari nililoendesha bado linapanda Ituri likiwa na mtu mwingine. Mvi sina. Kwa hiyo vijana wa parkingi yetu ya malori waliponiomba niwaandikie mambo ya kazi, kama mzee aliyeingia pension, nilicheka. Sijawahi kuona shoferi wa huku mwenye pension. Halafu, tangu shuleni nimeshuku kila nilichofundishwa, na sioni kwa nini ninyi msishuku nitakachowafundisha.

Naandika hata hivyo, kwa sababu bado mnapita barabara ile.

Nilikuja kwenye magari nikiwa na lisansi, yaani digrii, ya sosholojia na bahasha ya maombi ya kazi. Bahasha ile ilizunguka ofisi zote za Butembo na Beni mpaka pembe zake zikalainika. Kila mahali waliniambia niache dosie, nikaacha dosie. Mwishowe mjomba wangu alinipeleka parkingi kwa Papa Mumbere, shoferi aliyekuwa akitafuta mtu wa kumfundisha kazi. Alikuwa amesimama kando ya gari lake, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, kana kwamba anangoja misa. Hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu.

“Huyu njo Lisansie?”

“Njo yeye,” mjomba akathibitisha.

“Na hiyo viatu ya bureau, itapanda Kipese na mvua?”

“Weye, Papa, unajuaka kupanda Kipese na mvua?” nikamuuliza. Nilikuwa nimechoka kuulizwa maswali na watu wenye kazi.

Mjomba alishika kichwa. Papa Mumbere akafikiri kidogo. “Hapana,” akasema. “Hakuna mutu anajua. Tunapandaka tu.”

Jina langu halikutamkwa tena parkingi tangu siku hiyo. Nilikuwa Lisansie, mwenye lisansi, na walinitania kwa hilo kama wanavyomtania mtu aliyeoa mke mrefu.

Safari zangu za kwanza zilikuwa za Kipese, kuchukua viazi. Ninyi mliozoea joto la Beni hamjui baridi ya milima ya Lubero asubuhi, ukungu ukiwa umekaa juu ya barabara kama mwenye mji. Vidole vinakataa kushika funguo. Mvua ya mawe ikipiga udongo ule mwekundu, gari lililojaa linateleza kando polepole, kwa adabu, kuelekea bondeni, na wewe uko ndani unageuza usukani ambao haujaunganishwa tena na kitu chochote duniani. Niliwahi kumwonyesha Papa, kwenye simu yangu, video ya mashoferi wa Urusi wakivuka theluji na minyororo kwenye pine, yaani matairi. Alitazama mpaka mwisho, mdomo wazi.

“Bako na bahati,” akasema. “Matope yao iko mweupe.”

Alinifundisha kusikiliza gari kabla ya kulitazama. Alinifundisha kutofunga turubai kwa fundo nisiloweza kulifungua nikiwa naogopa. Vyombo vyake vilikuwa kriki ya kuinulia gari, kamba ya chuma ya kuvutana, jembe, na panga, na akiulizwa kipi atabaki nacho kama ni kimoja, alichagua panga. Hakuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa chai, alikoroma, alipenda nyimbo za kwaya kwa sauti inayoua mazungumzo yote, na alikuwa na mzaha mmoja kuhusu padiri na mbuzi ambao aliusimulia kila tulipofika Lubero. Mbuzi hakuwahi kubadilika.

Nilimsumbua sana. Mashoferi walipopeleka magari kubarikiwa, nilimuuliza kama kuna aliyewahi kulinganisha magari yaliyobarikiwa na yasiyobarikiwa, yapi yanaharibika zaidi.

“Linganisha weye,” akasema. “Endesha ile haikubarikiwa, alafu utuandikie.”

Sikuendesha. Na sijui hadi leo ni nini hasa kilichonizuia.

Sheria moja sikuweza kuicheka. Gari likikufa njiani, huvunji adabu ukilipita bila kusimama. Unavunja kitu kikubwa zaidi, na parkingi haitakusahau. Wa nyuma humvuta wa mbele. Hata kama mizigo yenu inashindana kwenye soko moja, hata kama mlitukanana jana. Na ili wa nyuma ajue, aliyekufa gari hukata matawi yenye majani mabichi, akayalaza barabarani upande wake wa kulia, nyuma ya gari. Karibu kila mtu wa huku huelewa matawi: punguza mwendo, mwenzako yuko mbele.

Wengi huyaweka karibu, hatua chache tu nyuma ya gari, kwa uvivu. Papa Mumbere hakukubali. Mara ya kwanza tulipokufa, kwenye mteremko wa kutoka Kipese, nilikata matawi nikayaweka pale nilipoona panatosha.

“Mbali, Lisansie.”

Nikasogeza.

“Mbali tena. Kabla ya kona.”

“Papa, mutu akiwa hapa haoni gari. Ataona majani tu.”

“Njo vizuri. Aanze kufrena kabla ya kuona gari. Gari yenye kujaa haisimame sababu unapenda isimame.”

“Nani aliandika hiyo sheria?”

“Weye njo unaandikaka. Sisi tunakata tu.”

Niliona ana haki. Niliipima akilini kwa pande zote, uzito, mteremko, utelezi, na kila upande ulinipa jibu lake. Kwa mtu kama mimi ilikuwa furaha ndogo, kukuta jambo moja la zamani ambalo linasimama hata ukilisukuma. Baadaye, nilipopewa gari langu mwenyewe, nami nikawa naweka matawi mbali, kabla ya kona.

Kisha barabara ikabadilika. Sina haja ya kuwasimulia. Kila mmoja wenu ana jina la mtu wake aliyeuawa na waasi wa porini. Vijiji vya kaskazini ya Beni vilifunga milango, kakao ikaozea mitini huko Mabalako, akina mama waliokuwa wakituuzia maharage na mihogo kando ya matope wakahamia mjini kuuza maji. Kwenda Ituri ikawa lazima kwa konvoi, askari mbele na askari nyuma. Konvoi nayo ilikuja na sheria yake: haisimami. Anayekufa njiani anaachwa, na anayemngoja anaachwa naye.

Kwa hiyo tulikuwa na sheria mbili kwenye barabara moja. Niliwauliza wenzangu parkingini itakuwaje siku zitakapokutana. Walinitazama kama mtu aliyetaja maiti mezani. Shoferi hapendi neno “kama”. Papa Mumbere peke yake alijibu.

“Konvoi ni ya baaskari. Njia ni yetu.”

“Hiyo si jibu, Papa.”

“Njo ile niko nayo.”

Siku ninayotaka kuwaandikia tulikuwa Eringeti, konvoi inapoanzia, asubuhi, mvua imekatika, barabara inatoa mvuke. Magari yalikuwa mengi, askari wakayagawa makundi mawili. Papa Mumbere alipangwa kundi la kwanza, pamoja na msaidizi wake Kasereka, mtu mzima mwenye maneno machache. Mimi nilikuwa kundi la pili. Papa alikuja dirishani kwangu kabla ya kuondoka, shati jeupe, katika matope yale.

“Moteri yako inakohoa kama bibi wa Kipese,” akasema.

“Inakohoa, mais inafika.”

“Uko na ile lame ya resori?”

Nilikuwa nayo, chuma cha kubadilisha kwenye resori za gari, zile zinazobeba mzigo. Nilimwambia ipo. Akapiga mlango wangu kofi mara moja, kama anavyopigwa ng'ombe, akaenda.

Kundi lao liliondoka. Sisi tuliondoka baadaye, tukiongozwa na kapiteni kijana, mtu wa mbali, wa magharibi ya Kongo, aliyejifunza Kiswahili chetu kazini na kukitia Kilingala. Nilikuwa gari la kwanza nyuma ya jipu lake. Tulikwenda vizuri, msitu pande zote mbili, hakuna mtu, hakuna mbuzi. Halafu jipu likasimama ghafla na askari wakaruka chini.

Mbele yetu palikuwa na matawi mabichi barabarani. Nyuma ya matawi, kona. Zaidi ya hapo hatukuona kitu, na mle msituni redio wala simu havikulishika kundi la mbele.

Nilishuka kabla sijaitwa. Matawi yalikuwa yamelazwa upande wa kulia tu, yamepangwa, yameachiana nafasi. Nilijua ni ya shoferi. Na kwa jinsi yalivyokuwa mbali, kabla ya kona, nilijua ni shoferi gani. Nilijua bila ushahidi, jambo ambalo maisha yangu yote nimewacheka wengine kwa kulifanya.

“Rudia ndani ya gari,” kapiteni akasema.

“Shefu, hiyo ni yetu. Gari iko pane, imekufa nyuma ya kona. Ni muzee wetu, Papa Mumbere.”

“Umemuona?”

“Hapana. Mais njo vile anawekaka.”

“Ndeko, sikiliza.” Hakupandisha sauti. “Adui hana macho? Anakaa mu pori, anawaona munaweka majani kila siku. Yeye pia anaweka. Mwezi ile imepita tulisimama kwa majani kama haya. Nilirudia na batu kidogo kuliko bale nilitoka nabo.”

“Ile ya adui ilifunga njia yote, shefu, tulisikia. Hii iko upande moja.”

“Donc adui hawezi kuweka upande moja? Unajua namna gani?”

Swali lile lilikuwa langu. Nimewauliza mapadiri, maprofesa, na mama yangu mzazi: unajua namna gani? Nilikuwa sijawahi kusimama upande wa pili wake.

Nikamwambia niende peke yangu kwa miguu hadi kwenye kona, nichungulie, nirudi. Wao wangoje.

“Te,” akakataa. “Ukikufa, minaingia kukutafuta, na baaskari yangu banakufa juu yako.”

Nikawageukia mashoferi wenzangu, waliokuwa wameshuka na kujikusanya nyuma ya gari langu. Mmoja wao, Katembo, ambaye gari lake Papa Mumbere aliwahi kulivuta kutoka matopeni huku akimtukana njia nzima, alikuwa na machozi.

“Lisansie, miye niko na batoto,” akasema. “Kama ni Papa, Mungu anajua. Kama si Papa?”

“Ni Papa.”

“Weye mwenyewe unasemaka, haitoshe kuamini.”

Kweli nilikuwa nikisema hivyo. Nilikuwa nikisema kwa sauti kubwa, parkingini, mbele ya chai.

Kapiteni akaamuru tugeuze. Mnajua barabara ile ilivyo nyembamba. Kila gari lilienda mbele na nyuma, mbele na nyuma, wasaidizi wakipiga kelele, pine zikila kingo za mtaro. Nilipiga honi mpaka askari akaingiza mkono dirishani na kuniondoa mkono. Kugeuza magari yote kulichukua muda mrefu kuliko kutembea hadi kwenye kona na kurudi, labda mara mbili.

Eringeti, kapiteni alipiga ripoti kwa redio. Alisema patroli itakwenda. Nilitafuta motari wa kunipeleka; kila mmoja alikumbuka kwamba pikipiki yake ina tatizo. Sikuwalaumu. Mchana kuelekea jioni tuliona moshi upande ule. Msitu ule hauungui wenyewe, umelowa mno. Patroli ilikwenda asubuhi iliyofuata, na sisi nyuma yake. Matawi yalikuwa pale pale. Nyuma ya kona lilikuwa gari, yaani chuma chake. Papa Mumbere alikuwa kando ya mtaro. Kuhusu hilo sitaandika zaidi.

Tulimzika Butembo. Kwaya yake iliimba. Tukiwa bado kwenye matanga, Kasereka akatokea, miguu imevimba, nguo si zake. Alikuwa amekimbilia msituni na kutembea mpaka akakuta watu. Akina mama walimkalisha, wakampa uji, na watu wote uani wakamsogelea.

“Lame ya resori ilikatika,” akasema. “Gari ikalala upande. Bale ba nyuma yetu balisimama, bakashuka. Baaskari banapiga makelele. Papa akabaambia: Pitia, pitia, Lisansie anakuya na lame. Yeye njo alibafukuza. Alafu akanituma nikate majani. Akasema mbali.”

Alikunywa uji kidogo. Hakunitazama.

“Tulisikia munakuya. Papa akatoka chini ya gari, akapanguza mikono. Akasema: Njo huyo, unasikia ile kikohozi? Akavaa shati yake vizuri. Alafu tukasikia munageuza.”

Mtu mmoja uani akasema Yesu Maria.

“Miye nikamuambia, Papa, banarudia, twende. Akakataa. Akasema, hapana, Lisansie aliona majani, hawezi kutuacha. Honi yake hiyo, anatuambia tungoje. Banaenda kutafuta kriki ya nguvu.” Kasereka akaweka kikombe chini. “Alikuwa chini ya gari tena, anatayarisha, ili mukifika kazi iende mbio, wakati bale bengine ba pori balitokea. Nikaita. Nikakimbia.”

Honi yangu. Niliipiga ili ajue tuko pale na kwamba kuna shida. Alielewa nusu.

Baada ya matanga tulifanya mkutano parkingini. Mashoferi walitaka alama mpya badala ya matawi. Mmoja akasema kitambaa chekundu. Mwingine pine yenye rangi. Mwingine matawi kama zamani, lakini na jiwe lililopangwa kwa siri. Kwa kila pendekezo, kulikuwa na mtu aliyeuliza: na adui akijua? Safari hii sikuwa mimi niliyeuliza, na haikuhitajika. Alama ambayo kila mwenzako anaielewa, yeyote anayekaa porini muda wa kutosha ataielewa pia. Na alama ambayo haieleweki haiiti mtu. Tulitawanyika bila kuamua. Tangu siku hiyo, katika barabara ile, sijamwona shoferi akikata tawi.

Kwa hiyo hili ndilo la kazi ninaloweza kuwaachia, na ni baya. Gari likikufa mkiwa kwenye konvoi, chukua karatasi zako, panda gari la mwisho linalopita, uliache lako na mzigo wake. Usitengeneze. Usisikilize moteri za nyuma. Msiwangoje wenzenu, na msiwafundishe wanaokuja kungoja. Najua ninachoandika. Shoferi asiyengojea wa nyuma ni mtu tu anayepita barabarani akiwa na mzigo, na kazi niliyoingia haikuwa hiyo. Lakini nimeitafuta njia nyingine kila upande, na sijaipata. Ndiyo maana niliteremka, nikaacha usukani.

Nimetafuta pia kosa. Nilidhani mahali fulani upande wetu lazima kuna aliyekosea, na swali zuri litamfikia. Kapiteni alifuata alichokiona kwa macho yake. Katembo alifikiria watoto wake. Waliompita walifukuzwa na Papa mwenyewe. Kasereka aliweka matawi mahali pazuri kabisa. Nimerudia mara nyingi, kutoka mwanzo na kutoka mwisho, na kila mtu ananitoka mikononi akiwa na haki.

Nilikwenda nyumbani kwa Papa Mumbere siku niliyorudisha funguo za gari. Mke wake, Mama Kavugho, alikuwa uani anachagua maharage kwenye lungo, anatupa mawe pembeni. Nilitaka kusalimia na kuondoka. Akanionyesha kiti.

“Kasereka anasema mulienda kutafuta kriki,” akasema. “Ni kweli?”

Uani hapakuwa na mtu mwingine. Ningeweza kusema ndiyo.

“Hapana, Mama. Hatukuenda kutafuta kitu.”

Nikamweleza. Kona, umbali, konvoi, majani ya adui, watu wa kapiteni waliokufa mwezi uliotangulia, Katembo, honi. Nilieleza kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa, bila kuruka kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono umesimama juu ya maharage.

“Donc mulifika mpaka kwa majani.”

“Tulifika.”

“Na ule kapiteni, si mutu mubaya?”

“Hapana, Mama. Si mubaya.”

“Na Katembo?”

“Aliogopa. Kila mutu aliogopa.”

“Na bwana yangu hakuweka majani mubaya.”

“Aliweka vizuri kabisa.”

Akalitikisa lungo, na maharage yakakusanyika upande mmoja.

“Padiri alikuya hapa,” akasema. “Aliniambia nisamehe. Nikamuambia sawa, mon père, nitasamehe, mais ungoje Lisansie akuye, yeye anajua kueleza, ataniambia ni nani alimuacha.” Akanitazama. “Sasa, mutoto yangu, nisamehe nani?”